Panya Kwenye Njia Panda

Mpishi aliyekwisha kutia chumvi chunguni, akaitwa mlangoni kumlaki mgeni, kisha akarudi jikoni akijua yakini kwamba chumvi imo, ametumia ile sehemu ya hafidha ambayo wataalamu huiita kumbukumbu ya kazi, ishikayo jambo kwa kitambo kidogo tu, kadiri ya haja ya tendo lililo mkononi. Wagonjwa wengi wa skizofrenia hupungukiwa na uwezo huu. Na haloperidoli, dawa iliyobuniwa Ubelgiji mwaka 1958 na Paul Janssen pamoja na wenzake, ijapokuwa huzipunguza sauti wazisikiazo pasipo msemaji, aghalabu haiwarudishii uwezo huo.

Kuipima dawa hiyo, panya hutiwa katika kijia chenye umbo la herufi T. Safari ya kwanza tawi moja huzibwa, naye hana budi kuingia lile lililo wazi, akapata tone la maziwa matamu. Safari ya pili yote mawili huwa wazi, lakini maziwa yamo katika lile ambalo hakuliingia. Abahatishaye hupatia asilimia 50 tu.

Lakini haloperidoli huziba vipokezi vya dopamini viitwavyo D2, na dopamini hiyo hiyo ndiyo iendeshayo viungo na kutia hamu ya kuufuata ujira. Basi panya aliyepewa dozi kubwa huweza kuganda kama kinyago, na mchunguzi mwenye pupa akaandika daftarini kwamba amesahau, ilhali maskini hakuweza kwenda, au maziwa hakuyatamani. Kwa hiyo mwendo huhesabiwa mbali na makosa: achelewaye kufika, lakini akageukia upande wa haki, amekumbuka. Tena kitambo baina ya safari mbili hurefushwa. Ikiwa hafidha ndiyo iliyodhurika, makosa huzidi kadiri kungoja kunavyozidi, bali akikosea sawasawa hata asipongojeshwa, yafaa kushuku jambo jingine. Nami matokeo yasiyopitia kichujio hiki siyaamini, hata yakipambwa kwa michoro.

Na kuhusu dawa hiyo kushindwa kuwarudishia wagonjwa uwezo ule, mwaka 2006, huko New York, Christoph Kellendonk, Eleanor Simpson, Eric Kandel na wenzao walieleza habari za panya waliotengenezwa kwa ufundi wa jeni wawe na vipokezi vya D2 kupita kiasi ndani kabisa ya ubongo, katika striata, nao wakawa dhaifu katika mchezo wa T. Jeni ile ya ziada ikazimwa ukubwani, vipokezi vikarejea kiasi chake cha desturi, na panya wale wakaendelea kukosea njia.