Giethoorn: Machimbo Yaliyogeuka Kivutio

Picha za Giethoorn hufanana karibu zote: mfereji mwembamba, daraja la mbao lililobinuka, nyumba iliyoezekwa kwa matete, na bustani ya maua inayoishia ukingoni mwa maji. Kijiji hiki kiko katika jimbo la Overijssel, kaskazini mashariki mwa Uholanzi. Wakazi wake hawafiki 3,000, lakini madaraja yake yanazidi 170, na wauza safari wamezoea kukiita Venice ya Kaskazini. Sifa hiyo inavutia wateja, ila inampotosha mgeni kabla hajafika. Venice ni mji wa wafanyabiashara waliojenga makusudi juu ya maji, wakatajirika na kujionyesha kwa majumba. Giethoorn ni kinyume chake. Hapa maji hayakutangulia kwa wingi huu. Yaliingia kwa sababu watu maskini waliichimba ardhi waliyosimama juu yake, wakaikausha na kuiuza kama kuni. Kinachopigwa picha leo ni machimbo ya zamani, na ninadai kwamba anayekizuru kijiji hiki kama machimbo atakiona kizuri zaidi, na atakielewa, kuliko anayekizuru kama pambo.

Bidhaa yenyewe ilikuwa mboji, yaani udongo mweusi wa mimea ya kinamasi iliyooza nusu kwa karne nyingi chini ya maji yasiyo na hewa. Ukikauka, huwaka. Wasomaji wa Rwanda na Burundi hawahitaji maelezo marefu, kwa maana udongo wa aina hii huchimbwa mabondeni kwao, na huko Rwanda vituo vya umeme vya Gishoma na Gisagara vilijengwa ili kuuchoma. Uholanzi haikuwa na misitu ya kutosha kupikia na kuota moto, hivyo miji yake iliyokuwa ikinawiri katika karne ya 17 ilitegemea sana mboji kutoka sehemu kama hizi. Palipokuwa na maji, mchimbaji aliuvuta udongo kutoka chini kwa wavu uliofungwa kwenye mti mrefu, akautandaza kama uji mzito juu ya tuta la ardhi, kisha watu wakaukanyaga kwa vibao vilivyofungwa miguuni mpaka ushikane. Ulipokauka kidogo ulikatwa vipande kama matofali, ukaanikwa tena, ukapakiwa kwenye mashua. Kazi hiyo iliacha mashimo marefu yaliyojaa maji, na kati yake matuta membamba ya kuanikia. Mifereji ilichimbwa ili mzigo utoke. Visiwa ambavyo nyumba zimekaa juu yake leo ni ardhi iliyobaki baada ya jirani yake kuuzwa.

Ziara ya boti huuonyesha muundo huo vizuri, mradi mtu ajue anatazama nini. Boti kubwa za kuongozwa, zenye paa na viti, huzunguka kwa muda wa saa moja hivi. Hupita kwanza kwenye mfereji mkuu wa kijiji, katikati ya nyumba, ambapo boti mbili zikikutana lazima moja isubiri. Kisha, ghafla, kuta za mimea hufunguka na boti hutokea kwenye ziwa la Bovenwijde. Wengi hupumzika hapo, wakidhani sehemu ya kuvutia imekwisha, kwa sababu ziwa ni pana, tambarare na halina nyumba. Kwa hoja yangu, hapo ndipo penye ushahidi mzito zaidi. Maji ya huku yana kina cha mita moja hivi tu, na mashua ya asili ya kijiji, iitwayo punter, ni bapa chini na huendeshwa kwa pondo, kama wavuvi wa kwetu wanavyofanya kwenye maji mafupi. Upana wa ziwa nao una historia ya kutisha. Wachimbaji waliongeza mashimo na kupunguza matuta, kwani kila tuta lililoachwa lilikuwa mboji isiyouzwa. Matuta yalipokuwa membamba mno, mawimbi yakapata nafasi. Wakati huo ghuba ya bahari ya Zuiderzee ilikuwa karibu na wazi, na dhoruba za 1775 na 1776 zilisukuma maji ya bahari hadi ndani ya nchi. Kijiji jirani cha Beulake kiliangamia, na mahali kilipokuwa sasa ni ziwa la Beulakerwijde. Kwa hiyo mfereji na ziwa ni hatua mbili za jambo lilelile: mfereji ni uchimbaji uliodhibitiwa, ziwa ni uchimbaji uliovuka mpaka.

Boti, hata hivyo, humweka mgeni chini ya kingo, akitazama madirisha na matumbo ya madaraja. Mambo mengine huonekana kwa miguu tu, kwenye njia nyembamba iitwayo Binnenpad inayofuata mfereji mkuu. Kwa kutembea ndipo mtu hugundua kwamba madaraja mengi hayaunganishi mitaa. Kila moja huingia kwenye kiwanja kimoja na kuishia mlangoni pa nyumba moja, na yamebinuliwa juu ili mashua yenye mzigo ipite chini. Ndipo pia paa za nyumba za wakulima huanza kueleweka. Mboji ilipopungua, watu waligeukia ng'ombe, majani makavu na matete. Mavuno ya majani yalipoongezeka, hapakuwa na ardhi ya kupanulia ghala, kwa maana kisiwa kina mwisho wake. Ghala likapandishwa juu badala ya kurefushwa, na paa lake likainuka kuliko la sehemu ya kuishi, likafanya nundu. Mgeni husifu nundu hiyo kama ubunifu wa fundi. Kwa kweli ni hesabu ya mkulima asiye na nafasi. Majani yaliletwa kwa mashua, ng'ombe walivushwa kwa mashua kwenda malishoni, na hata bibi harusi na jeneza walipita njia hiyohiyo. Makumbusho ya 't Olde Maat Uus, yaliyo katika nyumba ya mkulima ya aina hiyo, huonyesha vyombo vya kazi hizi kwa mpangilio rahisi, na nusu saa humo inaweza kuyafafanulia macho saa nzima ya boti.

Kuna pingamizi la kwanza, nalo lina nguvu: kwamba historia hii imekufa, na Giethoorn ya leo ni jukwaa la maonyesho. Mwaka 1958 mwongozaji Bert Haanstra alitoa filamu ya vichekesho iitwayo Fanfare, kuhusu bendi mbili za tarumbeta zinazogombana, na aliipiga hapa. Waholanzi wakaanza kumiminika. Baadaye wakaja Wajerumani, kisha makundi makubwa ya watalii kutoka China, na mwezi wa Agosti kijiji hufurika. Boti ndogo za betri hukodishwa kwa mtu yeyote bila leseni, na wasiojua kuendesha huzigonga kingoni mchana kutwa. Wenye nyumba wamelazimika kuweka vibao vya kuwakumbusha wageni kwamba bustani ni mali ya mtu. Hata dai kwamba kijiji hakina barabara ni la matangazo zaidi kuliko la kweli: sehemu ya kale kando ya mfereji haina, lakini barabara ya magari hupita pembeni, na wakazi wana magari kama Waholanzi wengine. Yote haya nayakubali. Ninachokataa ni hitimisho kwamba, kwa sababu hiyo, hakuna cha kweli kilichobaki. Utalii umekuwa kazi ya tatu baada ya mboji na mifugo, na kila moja ya kazi hizo tatu imeishi kwa kile ambacho maji yaliruhusu. Anayekodisha boti leo anatumia mfereji uleule ambao mababu waliuchimba kupitishia mzigo. Kijiji ambacho kingekataa kazi ya tatu kisingebaki cha kale. Kingebaki bila watu.

Pingamizi la pili hutoka kwa mpenda mandhari. Atasema uzuri hauhitaji stakabadhi: bata, maua na ukimya wa asubuhi vinatosha, na kumlemea mgeni kwa habari za mboji ni kumharibia likizo. Jibu ni kwamba hata hicho anachokiita asili hakijitegemei. Giethoorn imezungukwa na hifadhi ya taifa ya Weerribben-Wieden, eneo la takriban hekta 10,000, ambalo nalo ni machimbo yaliyoachwa. Shimo la maji likiachwa peke yake hujaa mimea pembeni, mimea hugeuka zulia linaloelea, matete huota juu yake, na hatimaye miti hufunga kila kitu. Eneo hili lingekuwa kichaka chenye giza kama matete yasingekatwa kila majira ya baridi na miti isingeng'olewa. Kazi hiyo hufanywa na wakata matete pamoja na watunza hifadhi, likiwemo Natuurmonumenten, shirika lililoanzishwa mwaka 1905. Ndiyo maana fisi-maji aliweza kurudishwa hapa mwaka 2002 baada ya kutoweka nchini, na ndiyo maana kipepeo mmoja mwekundu wa Kiholanzi, ambaye nususpishi yake haipatikani nje ya Uholanzi, bado ana mahali pa kutaga. Maji nayo hayatulii kwa hiari. Lambo la Afsluitdijk, lenye urefu wa kilomita 32, liliifunga Zuiderzee mwaka 1932 na kuondoa hatari ya bahari. Kimo cha maji kijijini hupangwa kwa pampu na malango, chini ya bodi za maji, ambazo ni mamlaka za kale zenye wajumbe wa kuchaguliwa. Anayeyaona haya hapotezi furaha ya mandhari. Anapata jambo la ziada, yaani kujua kwamba anachokitazama kinatunzwa mwaka hadi mwaka, na kwamba kingeweza kutoweka bila moto wala vita, kwa kuachwa tu.

Paa zenyewe zina somo la namna hiyo. Mgeni akiona matete shambani na matete juu ya nyumba hudhani moja limetoka kwa lingine moja kwa moja. Baadhi, ndiyo. Lakini sehemu kubwa ya matete yanayoezeka nyumba za Uholanzi leo huagizwa kutoka nje, na China ni mmoja wa wauzaji wakuu. Inawezekana kabisa mtalii wa Beijing akapiga picha paa analoliona kuwa la Kiholanzi halisi huku mmea wake ukiwa umekua nchini mwake. Hilo halilifanyi paa kuwa la uongo, maana ufundi wa kuezeka ni wa hapa na sura ya nyumba ni ya hapa. Linaonyesha tu kwamba kijiji hiki, ambacho tangu mwanzo kilichimba ili kuuza mbali, hakijawahi kuwa kisiwa kiuchumi.

Pingamizi la tatu ndilo zito kuliko yote, na linawahusu moja kwa moja wale ambao mabonde yao yanachimbwa sasa. Ikiwa machimbo yaligeuka mandhari ya kupendeza, je, hii si hoja ya kuruhusu uchimbaji, kwamba vidonda vitapona vyenyewe na siku moja vitaleta watalii? La. Giethoorn ilipona kwa sababu ya bahati ya mahali na kazi ya vizazi, na jirani yake Beulake haikupona. Wachimbaji wa kule walikuwa na sababu za haraka na za haki, walihitaji kula, lakini kila mmoja akilipunguza tuta lake kidogo aliwapunguzia wote ukuta wao. Tena, hasara nyingine haionekani kwenye picha. Mboji inapokaushwa, ardhi hunywea na kuzama, na kaboni iliyofungwa humo kwa karne nyingi hutoka kama hewa ya ukaa. Uholanzi bado inalipa gharama ya kutunza ardhi ya mboji iliyozama chini ya usawa wa maji. Funzo la kijiji hiki kwa Rwanda na Burundi ni la kipimo: tuta linaloachwa bila kuchimbwa si hasara ya mchimbaji, ndilo linalomwezesha mjukuu wake kuwa na pa kusimama.

Kwa anayekusudia kwenda, utaratibu unafuata hoja. Msafiri wa Afrika Mashariki atahitaji viza ya Schengen. Kutoka Amsterdam kuna treni mpaka Steenwijk kwa kubadilisha njiani, na kutoka hapo basi. Wengi huja na kurudi siku hiyohiyo, wakifika saa tano asubuhi na kuondoka jioni, na hivyo wote hukutana mferejini wakati mmoja. Kulala usiku mmoja ni gharama, lakini ndiyo njia ya kukipata kijiji asubuhi kabla ya umati. Miezi ya Aprili na Mei inafaa kuliko Julai na Agosti. Halafu, tembea kwanza, ingia makumbusho, ndipo upande boti. Wengi hufanya kinyume, na ndiyo sababu ziwa huwachosha. Boti ya kuongozwa ni bora kuliko ya kukodi kwa anayekuja mara ya kwanza, kwa maana msimulizi huweza kutaja mboji na dhoruba, hata kama hukimbilia mizaha. Akikimbilia mizaha, muulize matuta yalikuwa na upana gani, nani aliruhusiwa kuchimba, na nani hulipia kingo za mbao zinapooza. Maswali hayo matatu yatakufikisha mbali kuliko sifa ya Venice, kwa sababu ni maswali ya machimbo, na Giethoorn ina majibu yake.