Keja ya Mabati Inakugandisha Usiku? Joto Lako Linatorokea Juu

Kama Julai hii uko Limuru, Nyahururu ama hata hapa Nai kwa keja ya mabati, unajua saa kumi za usiku huwa noma. Soksi mbili, blanketi tatu, na bado pua ni barafu. Wengi hulaumu ukuta. Buda, hebu angalia juu.

Hewa ikipata moto hupanda. Joto lote la kupika ugali jioni linaenda kukaa chini ya mabati, na bati ni chuma nyembamba, halishiki kitu. Usiku anga likiwa wazi, bati linapoa mpaka mvuke wa sufuria na pumzi zenu unageuka maji na kukudondokea kitandani. Hapo usikimbilie kusema paa linavuja, pengine ni bati linatoa jasho.

Blanketi haina moto ndani yake, kazi yake ni kushika hewa itulie. Silingi ni hivyo tu. Plaiwudi ama jipsamu inafungia hewa kati yake na mabati. Ukiwa na doo, fundi atandike juu yake ile sufi ya glasi, na asiishindilie: ikibanwa hewa inatoka, na hiyo hewa ndiyo ulinunua. Matundu ya misumari yazibwe kwanza, juu sufi ikiloa haina kazi. Na avae glavu, hiyo kitu inawasha vibaya.

Wewe wa kupanga, mwenye ploti hawezi kukufanyia hayo yote, tunajuana. Tundika pazia nzito juu ya kitanda, mbali na balbu na stovu. Kisha ziba mianya pale ukuta unakutana na mabati, upande upepo unatoka. Lakini usizibe yote.

Juu hapo ndio ngori huanza. Kila msimu wa baridi kuna watu hulala na jiko la makaa ndani, mlango umefungwa, na asubuhi hawaamki. Hiyo gesi, kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu. Inakalia damu mahali oksijeni ingekaa, na ukiwa usingizini hushtuki. Makaa yakiacha kutoa moshi bado yanaitoa. Jiko lilale nje, hata likibaki na vikaa viwili vyekundu. Na mkianza kuumwa kichwa na kizunguzungu nyote pamoja, tokeni nje kwanza, maswali baadaye.