Usifute, funika: kuunganisha picha mbili za bidhaa

Leo somo la picha.

Mwaka jana, wiki moja kabla ya Idi, nilipiga picha kofia ya viua iliyoshonwa kwa mkono. Nilitaka ionekane iko mbele ya mlango wa nakshi, nichukulie oda. Nikashika kifutio kwenye programu, nikafuta meza yote, na ukingo wa kofia ukaenda nayo. Nikasevu juu ya picha ile ile. Kofia yenyewe nishaiuza, na nyingine kama ile inashonwa kwa wiki kadhaa. Nikairusha hivyo hivyo, wateja wakauliza, "Mbona imechanika?" Oda sikupata hata moja.

Siku hizi sifuti, naficha kwa leya maski. Chukulia picha zako ni kanga mbili mezani, ya juu inaziba ya chini. Hizo ndo leya. Maski ni barakoa unayoivisha ile ya juu: penye nyeupe picha inaonekana, penye nyeusi inajificha, penye kijivu inaonekana nusunusu. Picha yenyewe haijaguswa. Umekosea? Paka nyeupe, ukingo unarudi.

Mimi natumia Photopea, bure, inafunguka kwenye brauza hata kwa kompyuta ya kuazima. Fungua picha ya mlango, kisha bandika ya kofia juu yake. Shika kifaa cha kuchagua haraka, kipitishe juu ya kofia mpaka vimistari vinavyotembea viizunguke. Vikizidi hadi mezani, shikilia Alt upitishe hapo palipozidi. Halafu bonyeza alama ya mstatili wenye duara katikati, chini ya orodha ya leya. Meza inapotea, mlango unatokea.

Sasa ndo kazi. Kuza picha, chukua brashi laini, urekebishe ukingo polepole. Hakikisha umebonyeza kipicha cha maski, si kipicha cha kofia, la sivyo utajikuta unaipaka kofia yenyewe rangi nyeusi (yamenikuta zaidi ya mara moja). Herufi X inakubadilishia nyeusi na nyeupe.

Kofia nyeupe usiipige kwenye ukuta wa chokaa, programu haitoona inaishia wapi. Tandika kitambaa cha rangi iliyokoza.

Kitu ambacho maski haikutatulii ni mwanga. Vichochoroni kwetu majumba yanakinga jua, kwa hiyo mlango unapata mwanga laini. Kofia uliyoipiga juani Forodhani saa sita mchana, ukiiweka hapo kila mtu atajua imebandikwa. Yangu naipiga barazani, kivulini. Kisha naongeza leya tupu kati ya kofia na mlango, napaka nyeusi kidogo kwa brashi laini chini ya kofia, naipunguza nguvu hadi kama 30%. Hicho ndo kivuli, bila yake kofia inaelea hewani.

Rangi ya uzi siigusi kabisa. Mteja akifungua mfuko akakuta rangi nyingine, atairudisha, na ana haki.

Ukimaliza sevu mara mbili: PSD, inayobaki na leya na maski zake, na JPG ya kutuma WhatsApp. Na ile picha ya asili iache kama ilivyo. Yangu ya Idi ile sinayo mpaka leo.