Wimbo Mzuri Nao Hauna Budi Kunadiwa

Wahenga walinena kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii nimeifundisha kwa miaka mingi, na wanafunzi wangu huipokea bila kuihoji. Hivi karibuni nimeanza kuitilia shaka. Kisa kilichonitia shaka hiyo kilitokea Wamagana, katika Tetu, kaunti ya Nyeri, nami ninacho cha kujilaumu ndani yake.

Kijana mmoja wa kwetu, anayesomea ualimu, alinijia wakati wa likizo akiwa na daftari la nyimbo alizotunga kwa Kikuyu. Aliniomba nimsahihishie tahajia. Nilifanya hivyo kwa furaha, maana Kikuyu kina irabu saba, na kijana alikuwa ameziandika zote kwa herufi tano kana kwamba anaandika Kiswahili. Nilipomaliza, alichomoa karatasi mbili zilizopigwa chapa kwa Kiingereza. "Mwalimu, na hii je?" akauliza. Nilikuwa na haraka ya kuondoka. Nikaipitisha macho, nikamwambia haina neno.

Neno lilikuwamo. Katika aya ya tatu palikuwa na kitenzi kimoja chenye maana ya kuhamisha umiliki, na baada yake maneno yasemayo kwamba uhamisho huo hauna mwisho. Leo wimbo wake unachezwa katika matatu ziendazo mjini Nyeri. Mamaye huusikia akienda sokoni na kujivunia. Mtunzi mwenyewe alilipwa mara moja tu, fedha zisizozidi bei ya gitaa. Mimi, mwanaisimu mwenye shahada ya uzamifu, nilisahihisha irabu na kukiacha kitenzi kilichokuwa kikimnyang'anya kijana jasho lake.

Tusidhani kwamba mwanamuziki kujiuzia kazi yake ni mambo mapya yaliyoletwa na intaneti. Joseph Kamaru, aliyezaliwa Kangema mwaka wa 1939, hakuwa mwimbaji tu. Alikuwa pia mfanyabiashara mwenye duka la muziki jijini Nairobi. Alipoimba kuhusu mauaji ya J.M. Kariuki mwaka wa 1975, wimbo huo ulipigwa marufuku redioni, lakini santuri zake ziliendelea kuwafikia watu. Mwenye njia yake mwenyewe ya kuuza hafungwi mdomo kwa urahisi. Daniel Kamau wa Gatanga naye alirekodi santuri zake za kwanza mwaka wa 1967 angali mwanafunzi, na baadaye akaanzisha lebo yake. Wanafunzi wanaosoma makala haya na wayatie hayo maanani.

Kamaru alifariki Oktoba 2018. Mjukuu wake, ambaye pia ni mwanamuziki na ana jina hilo hilo, ameshughulikia kuzitoa upya kwenye intaneti rekodi za babu yake. Urithi wa namna hiyo huwezekana pale tu inapojulikana ni nani mwenye mali.

Basi msanii asiye na kampuni nyuma yake afanye nini? Nitataja mambo matatu.

La kwanza, ajue anachokimiliki. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, wimbo huwa mali ya mtunzi mara unapoandikwa au kurekodiwa. Haki zilizo katika utunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Kuusajili kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya humpa ushahidi iwapo patatokea ugomvi. Sheria hiyo hiyo inataka uhamisho wa haki uwe wa maandishi yenye saini. Kwa hiyo saini ndiyo mlango, na ufunguo wake umo mkononi mwa msanii hadi atakapoutoa mwenyewe.

La pili, ajue fedha zinapita njia gani. Tuchukue mfano wa nyimbo ambazo mpigaji simu huzisikia akingoja kujibiwa. Marekebisho ya sheria ya mwaka wa 2022 yaliweka kwamba asilimia isiyopungua 52 ya mapato ya huduma hizo iende kwa msanii au mwenye hakimiliki. Msomaji na alitazame vyema neno hilo "au". Aliyekwisha kuuza hakimiliki yake amemhamishia mwingine hata fungu hilo. Mkulima wa kahawa wa Tetu hupeleka buni zake kiwandani, zikapimwa mbele ya macho yake, naye akapewa stakabadhi. Hata akilipwa kidogo, anajua ametoa kilo ngapi. Mbona mwanawe auze wimbo bila mizani wala stakabadhi?

La tatu ni la lugha, na hapa nazungumza katika fani yangu. Siku za santuri, mnunuzi alikwenda dukani, akaimba kipande cha wimbo, na mwenye duka akamtolea. Leo mnunuzi huandika jina kwenye simu. Iwapo msanii ameliandika jina lake kwa namna moja hapa na kwa namna nyingine kule, leo ametia alama juu ya irabu na kesho ameiacha, wasikilizaji wake hutawanyika, na hesabu za mapato hutawanyika pamoja nao. Achague tahajia moja, aishike kila mahali, na ataje waziwazi mtunzi, mwimbaji na mwaka.

Yapo pia mengine yasiyohitaji mtaji mkubwa: kuwapelekea watangazaji wa vituo vya Kikuyu, vilivyoanza kusikika mwaka wa 2000, kazi iliyorekodiwa vizuri, kuwapa madereva wa matatu nakala, kuimba harusini na sokoni, na kutaja jina lake kabla na baada ya kuimba. Wengi huona haya kujitaja. Wameifahamu vibaya ile methali, wakadhani kwamba kujinadi ni dalili ya ubovu. Lakini hata chema hakijiuzi kikiwa kimefungiwa ghalani. Kinachoaibisha ni kunadi kibovu.

Sasa nawageukia walimu wenzangu. Tamasha la Muziki la Kenya lilianza mwaka wa 1927, na vizazi vingi vya wanafunzi vimepanda jukwaani. Tunawapa alama kwa sauti, kwa matamshi na kwa mavazi. Ni mara chache sana tunapowauliza: wimbo huu ni wa nani? Mtaala wa umilisi sasa una mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo katika sekondari ya juu. Yatakuwa masikitiko makubwa iwapo mwanafunzi atahitimu katika mkondo huo akijua kusoma nota lakini hajui kusoma mkataba. Somo la ufahamu lingefaa kutumia mkataba wa kurekodi mara moja moja, badala ya kila siku hadithi ya sungura na fisi. Na kwa kuwa mikataba huandikwa kwa Kiingereza, mwalimu wa Kiswahili aweza kuwapa wanafunzi kazi ya kuifasiri. Hapo ndipo watakapogundua ni kitenzi gani kinachouma.

Yule kijana ana daftari la pili sasa. Alinijia nalo mwezi uliopita, na sikuona kinyongo machoni pake, jambo lililoniumiza zaidi kuliko lawama. Safari hii tulianza na karatasi za Kiingereza. Tulizisoma neno kwa neno, tukafuta aya mbili, tukaandika kwamba anatoa ruhusa ya miaka mitatu tu na umiliki unabaki kwake. Mwenye studio alinung'unika, kisha akatia saini.

Irabu tulizisahihisha baadaye.