Uvimbe wa Titi Usiouma: Kwa Nini Askari wa Mwili Hawauoni?

Jipu likitoka linauma, linapata joto, linavimba. Hiyo ni vita: askari wa mwili, yaani chembe nyeupe za damu, wanapigana na vijidudu. Lakini akina mama wengi wenye kansa ya titi huanza na kijiwe kidogo, kigumu, kisichouma. Kwa kuwa hakiumi, mtu hungoja. Hatari iko hapo.

Kansa si mdudu aliyeingia kutoka nje. Ni chembe za mwili wako mwenyewe zilizoharibika, kwa hiyo askari huweza kuzipita kama wenyeji. Ndani ya kila chembe mna jeni, yaani maagizo ya urithi. Nyingine zimefunguliwa na zinafanya kazi, nyingine zimefungwa. Chembe ya kansa huweza kufunga jeni zinazoitambulisha kwa askari, au kufungua ile inayotengeneza protini iitwayo PD-L1. Protini hiyo ikimgusa askari, hulegea na kuacha kupigana. Kwa kugundua jinsi ya kuondoa breki za askari hao, James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2018.

Uvimbe haufanani. Mwingine umejaa askari, na jeni za kinga ndani yake zinafanya kazi kwa nguvu. Katika kansa iitwayo "hasi tatu", ambayo haisikii dawa za homoni na huonekana zaidi kwa wanawake weusi, uvimbe wa namna hiyo huitikia matibabu vizuri zaidi. Aina hujulikana maabara tu, ndiyo maana daktari huchukua kipande kidogo. Kuchukua kipande hakusambazi kansa, hata kama maneno hayo yanasemwa sana kwenye bomba la maji.

Dawa za kuondoa breki zipo. Marekani iliruhusu pembrolizumab kwa kansa ya "hasi tatu" iliyogunduliwa mapema mwaka 2021, lakini bei yake ni kubwa mno. Na zile chupa za "kuongeza kinga" zinazouzwa sokoni? Haziondoi breki hiyo. Pesa hiyo iweke kwa nauli.

Ukiona kijiwe, ngozi kama ganda la chungwa, au chuchu inayoingia ndani au kutoa damu, nenda kituo cha afya kilicho karibu, uwe Lobule, Imvepi au Rhino Camp. Omba barua ya rufaa kwenda Hospitali ya Koboko au Hospitali ya Rufaa ya Arua. Kutoka huko mgonjwa huweza kupelekwa Taasisi ya Kansa ya Uganda, Mulago, Kampala. Mama anayenyonyesha naye asiseme ni maziwa tu: kijiwe kikikaa zaidi ya wiki mbili, kionyeshwe.