Picha za wazee wetu ndani ya simu: rangi ni nambari, na nambari ikitupwa hairudi

Haipiti wiki katika makundi yetu ya WhatsApp bila ya mtu kutuma picha ya zamani ya Unguja au Pemba: harusi, darasa la skuli, wazee wamekaa barazani na kanzu zao. Mara nyingi picha hiyo imeshapita simu nyingi, na sura zimekuwa kama zimetiwa ukungu. Jamaa huniuliza: simu yangu mpya, ya bei kubwa, mbona haionyeshi vizuri? Kosa si la simu. Tuangalie kwanza kompyuta inaiweka vipi picha.

Kompyuta haijui sura wala rangi. Inajua nambari tu. Picha hugawiwa vijiraba vidogo sana, vilivyopangwa kwa safu kama vigae vya sakafuni. Kila kimoja huitwa pikseli, na kila pikseli ina nambari tatu: kiasi cha nyekundu, cha kijani na cha buluu. Kila nambari ni kuanzia 0 mpaka 255. Zote zikiwa 0, hiyo ni nyeusi. Zote zikiwa 255, ni nyeupe. Manjano ni 255, 255, 0, yaani nyekundu na kijani zimewashwa na buluu imezimwa. Kwa mpango huu zinapatikana rangi 16,777,216.

Ukitaka kuhakikisha, weka tone dogo la maji juu ya kioo cha simu, pahala palipo peupe. Tone litakuza kama lenzi, na utaona weupe ule ni nukta nyekundu, za kijani na za buluu zilizobanana. Jicho letu ndilo linalozichanganya.

Sasa tupige hesabu. Picha ya inchi 4 kwa 6, ikiskaniwa kwa pikseli 600 kila inchi, inakuwa na pikseli 2,400 kwa 3,600, yaani 8,640,000. Kila pikseli inachukua baiti 3, kwa hivyo jumla ni karibu megabaiti 26. Huo ni mzigo mkubwa, na ndiyo maana ikabuniwa njia ya kuibana picha iitwayo JPEG, iliyokuwa kiwango cha kimataifa mwaka 1992. Binaadamu huona tafauti ya mwanga na kiza vizuri zaidi kuliko tafauti ndogo za rangi. Basi JPEG hutenga mwanga na rangi, mara nyingi hupunguza upande wa rangi, kisha huigawa picha katika visanduku vya pikseli 8 kwa 8 na kutupa yale ambayo jicho halitayakosa. Ikibanwa kidogo, mara moja, huoni tafauti. Ikibanwa tena na tena, visanduku huanza kuonekana.

WhatsApp nayo, ukituma picha kwa njia ya kawaida, huipunguza na kuibana. Chukua picha ya watu 30 ambamo sura ya babu yako ina upana wa milimita 5. Katika skani yetu, sura hiyo ina pikseli kama 118 kwa upana. Picha ikipunguzwa nusu kila upande, zinabaki 59, na pikseli za picha nzima zimekuwa robo. Ukiikuza baadaye, simu inatandaza zile zile chache.

Hapa ndipo penye khatari. Siku hizi kuna programu zinazodai "kusafisha" sura na kutia rangi. Hazirudishi kilichotupwa, zinabahatisha. Macho na mdomo zitakazochora zinatokana na sura za watu wengine zilizofunzwa. Rangi ni hivyo hivyo. Kwa hesabu ya kawaida ya kompyuta, kilemba chekundu cha 200, 0, 0 na cha kijani cha 0, 102, 0 vyote vikigeuzwa kijivu vinatoka karibu na 60. Kutoka 60 hiyo, hakuna mashine inayoweza kujua babu alivaa kipi. Lakini mjukuu aliyezaliwa Maskati au Dubai ataiamini picha, na kesho ataisimulia kuwa ndivyo ilivyokuwa.

Ushauri wangu kwa kila aila ni huu. Skani karatasi yenyewe, si picha iliyotoka kwenye simu. Tumia 600 kwa inchi, na zaidi ikiwa picha ni ndogo. Chagua skani ya rangi hata kama picha ni nyeusi na nyeupe, ili wino, mihuri na madoa ya umri yabaki, na uskani upande wa nyuma pia. Hifadhi kwa TIFF au PNG, ambazo kwa kawaida hazitupi kitu. Ukituma kwa WhatsApp, itume kama hati, si kama picha. Weka nakala pahala pawili. Ukitia rangi, tia katika nakala nyengine na uandike: "Imetiwa rangi na mashine."

Na kabla ya yote hayo, kaa na mzee aliyebaki muandike majina, kutoka kushoto kwenda kulia. Hayo hayamo ndani ya pikseli yoyote.