Mji Unapokuja Kijijini



Tukitembelea vikundi vya hapa Siakago, hatukosi kuulizwa: "Hii mji ikikua, sisi tutapata nini?" Hebu tuliangalie swali hili pamoja.

Kwanza, mbona mji huota hapa na si pale? Mwaka 1933 Mjerumani Walter Christaller alieleza kwamba kila kituo kinahudumia vijiji vinavyokizunguka. Chumvi na sabuni tunanunua kila mara, kwa hivyo duka huwa karibu. Hakimu hatumhitaji kila siku, kwa hivyo yeye hukaa mahali ambapo watu wa vijiji vingi wanaweza kufika. Ndiyo sababu kioski kiko kijijini, korti na hospitali ziko Siakago, na chuo kikuu kiko Embu.

Serikali nayo huvuta mji. Wilaya ya Mbeere ilipoundwa mwaka 1996, makao yake yalikuwa Siakago. Ofisi ikija, mfanyakazi anatafuta chumba cha kupanga, mama wa hoteli anapata wateja, na mwenye ndengu anapata soko.

Pili, mji hujipanga vipi? Mwaka 1925 Ernest Burgess alisema kuwa Chicago, Marekani, ilikua kama maganda ya kitunguu: biashara katikati, maskini na wageni kando yake, matajiri mbali zaidi. Lakini tukitazama Nairobi tunaona jambo lingine. Reli ilifika pale mwaka 1899, kisha serikali ya kikoloni ikawagawa watu kwa rangi. Wazungu walipewa sehemu zenye nafasi upande wa magharibi, Waafrika wakasukumwa Pumwani na mitaa mingine ya mashariki. Hilo halikuota lenyewe kama uyoga. Watu waliamua, na alama zake zingali zinaonekana.

Tatu, mji hubadilisha ujirani. Mwaka 1938 Louis Wirth aliandika kwamba watu wakiwa wengi, wamebanana, na wametoka kwingi, hujuana nusunusu tu. Unamjua makanga wa matatu, lakini humjui mama yake. Mtu anaweza kuugua chumba cha pili usijue. Hata hivyo, watu wetu walioenda Nairobi hawakukaa bure. Waliunda vyama vya kusaidiana na vya mazishi. Kikundi kilihamia mjini pamoja nao!

Basi tufanye nini? Usipoziba ufa utajenga ukuta.

1. Tusiuze ploti za kando ya barabara kwa haraka. Mume na mke wazungumze, wakubaliane, na wafuate sheria.
2. Tuache nafasi ya njia na mitaro mapema. Choo kiwe mbali na kisima, angalau mita 30, na upande wa chini.
3. Kaunti ikiitisha mkutano wa mipango ya mji, tuhudhurie. Katiba ya 2010 inatupa nafasi ya kusema.
4. Wapangaji wageni tuwakaribishe kikundini. Leo ni mgeni, kesho ndiye atakayebeba mgonjwa wako.

Maswali ya kujadili:

Ni nani katika soko letu ambaye hakuna anayemjua jina? Na ni njia gani tutajuta kwa kuiziba?